Unameza dawa za kifua kikuu, mbona tezi zinavimba?

Leo tunazungumza na wewe unayemeza dawa za kifua kikuu hapo kambini, pamoja na ndugu anayekuuguza.

Wiki za kwanza uliona nafuu. Homa ilishuka, hamu ya kula ikarudi. Sasa homa imerudi, na tezi za shingoni zimevimba kuliko mwanzo. Jirani anakuambia, "Dawa hizo zitakumaliza, ziache." Tafadhali, usiziache.

Hali hii huwapata baadhi ya wagonjwa ingawa dawa zinafanya kazi. Dawa zinapoua vijidudu, mabaki yake hubaki mwilini. Kinga ya mwili iliyokuwa imechoka hupata nguvu tena na kuyashambulia. Mapambano hayo ndiyo huleta homa na uvimbe. Hutokea zaidi kwa wenye virusi vya ukimwi walioanza dawa za ARV karibuni, lakini hata asiye na virusi hupatwa. Basi, usimnyooshee mwenzako kidole kwa sababu ya tezi zake.

Hata hivyo, usijiamulie mwenyewe kwamba ni hali hiyo. Huenda vijidudu ni sugu, dozi zilirukwa, au kuna ugonjwa mwingine. Rudi kliniki na kadi yako ya matibabu. Kama uliruka siku, sema. Mhudumu atakupima, pengine na makohozi yako, ndipo aamue. Wagonjwa wengi huendelea na dawa zilezile, na wengine huongezewa ya kupunguza uvimbe.

Usisubiri siku ya miadi ukiona haya: kupumua kwa shida, kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo, au macho kuwa ya manjano. Nenda siku hiyohiyo, mchana au usiku. Lakini mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe. Ni rangi ya dawa ya rifampisini.

Kwa kawaida matibabu ni miezi 6. Ukipangiwa kurudi nyumbani au kuhamia kambi nyingine kabla hujamaliza, pitia kliniki kwanza uchukue barua ya uhamisho, ili uendelee na dawa huko uendako.

Nawe unayeuguza, mkumbushe dawa zake na umsindikize kliniki. Siku anapokata tamaa ndipo anapokuhitaji zaidi.

Ugua pole, msikilizaji. Tukutane kipindi kijacho.