Rais Akibadilika, Mwananchi Afanye Nini?

Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wananchi mjini Nyeri



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo linalozungumzwa sokoni Karatina, katika vituo vya magari vya Othaya na Nanyuki, na nje ya makanisa ya Kerugoya, Embu na Meru, kila mara nchi inapokaribia kupata mkubwa mpya. Jambo lenyewe ni hili: kiongozi wa nchi akiondoka na mwingine akaingia, je, tutumaini au tuogope?

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza yasema, Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili yasema, Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mwenye kuifuata ya kwanza humshangilia kila mgeni. Mwenye kuifuata ya pili hung'ang'ania mkubwa wa zamani hata akiwa mbaya. Nataka kuwaonyesha, kwa mambo yaliyotukia, kwamba sisi watu wa mlimani tumezifuata zote mbili, kila moja kwa zamu yake, na zote mbili zimetupotosha.

Tuanze na mwaka 1978. Mzee Jomo Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti mwaka huo. Alikuwa ameishika nchi tangu 1963, na vijana wengi wa siku zile hawakupata kumjua mkubwa mwingine. Hofu ilikuwa kubwa, wala haikuwa hofu ya bure. Miaka miwili kabla yake, yaani 1976, wanasiasa kadha, wengi wao wa upande wetu, walitaka Katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asishike madaraka Rais akifa. Bwana Charles Njonjo, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, aliwaonya kwamba kuwaza na kupanga juu ya kifo cha Rais ni kosa kubwa katika sheria, na shauri lile likazimika.

Kwa hiyo Mzee alipofariki, Katiba ilikuwa bado yasema yale yale: Makamu atashika kazi kwa siku zisizozidi 90, hata Rais achaguliwe. Bwana Daniel arap Moi aliapishwa siku ile ile. Mwezi wa Oktoba akawa Rais kamili, na Bwana Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, akawa Makamu wake. Damu haikumwagika.

Waliotabiri mabaya waliona haya. Desemba 1978 watu waliofungwa kizuizini kwa ajili ya siasa waliachiliwa, naye mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mmoja wao. Mwaka uliofuata watoto wa shule walianza kupewa maziwa bila malipo, jambo lililompendeza mfugaji wa ng'ombe kama lilivyompendeza mtoto. Wengi wakasema, kumbe tuliogopa bure!

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1982 sheria ilipitishwa kwamba chama kiwe kimoja tu, nacho ni KANU, na watu wakaanza tena kutiwa kizuizini. Bwana Kibaki aliondolewa katika Umakamu mwaka 1988. Na chama kile kikubwa cha maziwa, KCC, ambacho mfugaji alikitegemea, kiliharibika kwa uongozi mbaya, hata mkulima akawa apeleka maziwa asubuhi na mapema na mwisho wa mwezi harudi na kitu mkononi. Basi waliotumaini nao wakaona haya kwa zamu yao.

Sasa tuutazame mwaka 2002. Katika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba, wagombea wawili wakubwa, Bwana Kibaki na Bwana Uhuru Kenyatta, wote walikuwa wa jamii moja, wote wana wa mlima huu. Bwana Kibaki alishinda, akaapishwa tarehe 30 Desemba katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, akiwa amekaa katika kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali ya gari. Furaha ya Nyeri siku ile haina mfano. Hata hivyo katika mkutano ule Rais aliyekuwa akiondoka kwa amani alizomewa na kutupiwa matope. Hilo si jambo la kujivunia.

Je, matumaini yale yalitimia? Mengine yalitimia. Januari 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa, na watoto zaidi ya milioni 1 waliokuwa nyumbani wakaingia darasani. Mwaka huo huo KCC ilirudishwa mikononi mwa Serikali, na maziwa yakaanza kulipiwa. Lakini rushwa, ambayo serikali mpya ilikuwa imeapa kuikomesha, haikukoma. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Wengi wa jamaa zetu waliokaa Bonde la Ufa walirudi huku mikono mitupu. Kuwa na mtu wa kwetu Ikulu hakukuwakinga; bali wengine waliteswa kwa sababu hiyo hiyo.

Ndugu zangu, hapa ndipo neno langu lilipo. Mwaka 1978 tulimwogopa mtu kwa kuwa hakuwa wa kwetu, na mwaka 2002 tulimtumaini mtu kwa kuwa ni wa kwetu. Mara zote mbili tuliuliza, Ametoka wapi? Hatukuuliza, Ameahidi nini, na nani atamdai? Mahali alikozaliwa kiongozi hapatuambii bei ya kahawa yetu itakuwaje, wala kama daktari atapatikana katika zahanati.

Labda mtu atasema, Hayo ni ya zamani. La, yako nasi bado. Mwaka 2022 wengi wa mlimani walimpigia kura Bwana William Ruto, ambaye si wa huku, na Bwana Rigathi Gachagua wa Mathira akawa Naibu wake. Oktoba 2024 Bunge na Seneti zilimwondoa Bwana Gachagua, na tarehe 1 Novemba Bwana Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi akaapishwa mahali pake. Wako waliolia na wako waliofurahi, na nyumba nyingine ziligawanyika mezani. Mimi sikuja kuwaambia ni nani aliye na haki. Nimekuja kuwaomba tusiyarudie makosa yale yale.

Kwanza, tuilinde sheria ya kupokezana madaraka. Mwaka 1978 ni ile sheria ya siku 90 iliyotuokoa, wala si wema wa mtu. Leo Katiba ya mwaka 2010 yaeleza wazi: Rais hapiti vipindi viwili, na kiti kikiwa wazi, Naibu hukishika mpaka kipindi kiishe. Atakayetaka kuibadilisha kwa ajili ya mtu mmoja, awe wetu au wa wenzetu, tumkatalie.

Pili, tumheshimu aondokaye, ili wajao wasiogope kuondoka.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ahadi ni deni. Mfugaji apelekaye maziwa katika chama hupewa kadi, na kila siku kilo zake huandikwa humo. Mwisho wa mwezi huipeleka kadi ile kwa karani na kuuliza hesabu yake. Hafanyi hivyo kwa kuwa anamchukia karani, wala haachi kuuliza kwa kuwa karani ni shemeji yake. Basi tuziandike ahadi za viongozi vivyo hivyo, siku ya kuahidiwa, katika daftari. Na kila mwaka tuulize hesabu, karani awe ni nani.