Mwenye Nyumba na Karatasi Zake

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama



Sisi makarani hushinda kutwa tukiandika mambo ya watu wengine: barua zao, hesabu zao, mafaili yao. Lakini tujengapo vyumba vyetu vinne au vitano katika miji midogo kama Voi, Taveta au Mariakani, ili vitufae siku za pensheni, kalamu twaisahau. Twampa mtu ufunguo, twashikana mikono, na kusema, "Tumeaminiana." Basi neno letu la leo ni moja: kwa sheria za Kenya, asiyeandika ndiye afungwaye.

Mzee mmoja miongoni mwetu alikuwa na chumba cha mbele, akampangisha fundi cherehani kwa neno la mdomo. Miaka ikapita kwa amani. Alipostaafu alitaka chumba chake afungue duka, akamwandikia fundi kipande cha karatasi: "Uondoke mwisho wa mwezi." Alidhani kwamba, kwa kuwa hapakuwa na mkataba, yeye ni huru. Fundi akaenda barazani, na karatasi ile ikaonekana si kitu. Mzee akaanza upya tangu mwanzo, na pesa za akiba alizoziwekea bidhaa zikaishia katika nauli na wakili. Zaidi ya hayo, watu wawili waliokuwa wakinywa chai pamoja hawaamkiani tena.

Kosa lake lilikuwa nini? Sheria ya Sura ya 301, iliyotungwa mwaka 1965, huwalinda wapangaji wa maduka, hoteli na nyumba za chakula. Mpangaji asiye na mkataba wa maandishi hulindwa. Hulindwa pia mwenye mkataba wa miaka isiyozidi 5, au wenye kifungu cha kuuvunja kabla ya miaka 5 bila ya kosa la mpangaji. Huyo haondolewi wala haongezewi kodi ila kwa fomu maalumu iliyowekwa na sheria, yenye kutaja sababu, na ilani hiyo haina nguvu kabla ya miezi 2 tangu aipokee. Akipeleka shauri barazani ndani ya muda huo, ilani husimama mpaka shauri liamuliwe. Mzee wetu alikuwa na sababu iliyo halali, maana sheria humruhusu mwenye nyumba kutaka jengo lake afanyie biashara yeye mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Haki alikuwa nayo. Karatasi hakuwa nayo.

Katika vyumba vya kulala mambo ni mengine kidogo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 hukubali upangaji wa mdomo usiozidi miaka 2. Kodi ikilipwa kwa mwezi, na muda haukutajwa, ilani ni mwezi mmoja usiopungua, nayo yapasa kwisha siku ya kulipa kodi. Lakini nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi huingia katika Sura ya 296, na mpangaji wake hafukuzwi bila ya amri ya baraza. Vyumba vyetu vingi ndivyo hivyo. Kwa hiyo yule ang'oaye bati, au akataye maji ili mpangaji achoke ahame, ajue kwamba atenda kosa la jinai. Wala tusichukue vyombo vya mtu kwa deni kwa mikono yetu. Kazi hiyo ni ya dalali mwenye cheti.

Basi yatupasa tuandike nini? Majina na namba za vitambulisho. Chumba ni kipi na hali yake siku ya kuingia. Kodi ni kiasi gani na hulipwa tarehe gani. Amana ni kiasi gani na itarudishwa kwa masharti gani. Maji na stima hulipwa na nani. Ilani ni ya muda gani. Nakala ziwe mbili, kila mmoja atie sahihi mbele ya shahidi. Mkataba hulipiwa ushuru wa stempu: asilimia 1 ya kodi ya mwaka ikiwa muda hauzidi miaka 3, na asilimia 2 ukizidi. Kila malipo yawe na stakabadhi yenye namba, hata mpangaji akiwa shemeji yako.

Neno "kodi" lina maana mbili, na ile ya pili ni ya Serikali. Mwenye kupata zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka kwa nyumba za kukaa watu, bila kupita milioni 15, hulipa asilimia 7.5 ya mapato yote pasipo kutoa gharama. Ndicho kiwango kilichoanza 1 Januari 2024. Hesabu hupelekwa kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwenye vyumba 7 vya shilingi 4,000 hupata 28,000 kwa mwezi, na sehemu ya Serikali ni 2,100. Kodi ya duka haimo humo. Hiyo huingia katika hesabu ya kawaida ya mwaka.

Mwisho, kuhusu bei. Katika mji mdogo wapangaji ni walimu, wauguzi na maofisa, nao huhamishwa. Chumba cha shilingi 4,000 kikikaa kitupu miezi 2, mwaka umeleta 40,000. Chumba cha 3,500 kisichokaa kitupu huleta 42,000. Mpangaji mwema aliyedumu ni faida kuliko bei kubwa iliyoandikwa mlangoni.

Ndugu zetu, wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kuandikiana si kutoaminiana. Lau mzee wetu na fundi wake wangaliandikiana siku ile ya kwanza, huenda leo wangali wakinywa chai pamoja.

Twakomea hapa, na maswali twayakaribisha.