Tawakali na Boya la Kujiokolea

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa bara na bahari. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, tunakuusieni, nasi tunajiusia, kumcha Mwenyezi Mungu. Sisi watu wa Newala twakaa juu mlimani, na kutoka Shimo la Mungu twauona Mto Ruvuma chini kwa mbali. Hata hivyo, maji hayako mbali na maisha yetu. Twavuka Ruvuma kwa mitumbwi kuwazuru jamaa zetu wa Msumbiji. Tukishuka Mtwara twavuka kwenda Msanga Mkuu. Na vijana wetu huabiri kwenda Unguja. Wengi wetu hatujui kuogelea.

Wako wasemao: "Safari ni fupi, na ajali haina kinga." Tuzingatie. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Viktoria, karibu kabisa na gati ya Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 220. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander, iliyojaa kupita kiasi, ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba.

Vifaa vya kuokolea huwekwa kwa idadi ya abiria walioruhusiwa. Basi anayepakia mtu wa ziada amempunja mwingine boya lake, na hiyo ni dhuluma. Na boya lililofungiwa stoo ni sawa na lisilokuwapo.

Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Na katika Suratul Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda chombo tuulize: Je, kila mtu ana jaketi lake, na mtoto ana la kimo chake? Je, limefungwa mwilini barabara? Je, chelezo cha kuokolea kiko mahali pa kushushwa upesi? Chombo kikijaa, tusubiri kingine. Kuchelewa si aibu. Nanyi manahodha na wenye vyombo, abiria ni amana. Nauli haifidii roho.

Ewe Mola, warehemu waliozama, na uwahifadhi wasafiri wetu. Amin.