Somo la Leo: Neno "Kama"

Leo tunasoma neno "kama".

Mkulima huanika karafuu jamvini. Kama zimekauka, huzizoa. Kama bado, huziacha juani, maana zikitiwa guniani mbichi huota ukungu.

Kompyuta nayo hufuata sharti. Mwaka 1995 Brendan Eich wa Marekani alitunga lugha ya JavaScript, ambayo huiamuru kompyuta ibadili sura ya ukurasa wa intaneti. Katika lugha hiyo "kama" huandikwa if, na "la sivyo" huandikwa else.

Tuseme ukurasa unaonyesha unyevu wa karafuu zako. Amri ni hii: kama unyevu umezidi 12 katika 100, namba iwe nyekundu, la sivyo, iwe ya kijani.

Lakini angalieni! Kompyuta haizijui karafuu. Hutii sharti tu. Mwandishi wa amri akiweka 21 mahali pa 12, karafuu zisizokauka vyema zinaweza kuonyeshwa kwa kijani, na hasara ni ya mwenye gunia. Basi usitazame rangi peke yake. Soma na namba. Ndiyo faida ya kisomo.