Tarehe 1 Agosti haikatwi kwenye mshahara

Wasikilizaji wetu wa Beni na Butembo, leo tuongee juu ya Siku ya Wazazi, tarehe 1 Agosti. Asubuhi jamaa wanakwenda makaburini na majembe na panga, wanang'oa majani na kusimamisha misalaba iliyolala. Mchana wanarudi kula pamoja na wazazi walio hai.

Mwaka 2018 sikukuu hiyo ilitukuta vibaya. Tarehe 28 Julai idara ya afya ya Kivu Kaskazini ilikuwa imetoa taarifa ya wagonjwa 26 wa homa ya kutoka damu, na 20 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Sampuli sita zikapelekwa Kinshasa, nne zikaonyesha Ebola. Tangazo likatoka tarehe 1 Agosti yenyewe, likitaja Mangina, pale karibu na Beni. Mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa, na wengi wao walizikwa na vikosi vilivyovaa nguo za kujikinga, watoto wao wakitazama kwa mbali bila kumgusa mzazi. Kwa hiyo anayenyimwa siku hii kwetu ananyimwa kitu kikubwa.

Sheria inamlinda. Ordonansi ya tarehe 14 Mei 2014 imeiweka 1 Agosti kati ya sikukuu za Leta, pamoja na 4 Januari ya wafia uhuru, 17 Januari ya Lumumba na 30 Juni. Mwaka 2023 ikaongezwa 6 Aprili ya Simon Kimbangu. Siku hizo mfanyakazi anapumzika na mshahara wake unabaki mzima.

Lakini mtazame kijana anayepakua simenti kwenye depo ya Butembo, mabega meupe kwa vumbi. Patro anafunga sikukuu, kisha anamkata siku ile. Akiuliza, anajibiwa: "Wewe ni wa kutwa tu." Jibu hilo halitoshi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inasema: wa kutwa aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho, hata kama hakuna karatasi. Na akifiwa na mzazi, mke au mtoto, ana haki ya siku nne za kazi za ruhusa. Kijana, andika siku zako kwenye daftari, moja moja, kuanzia leo. Ukikatwa, lipeleke kwa mkaguzi wa kazi.