Maana ya Demokrasia: Merikebu Mbili za Athene



Neno "demokrasia" hutajwa kila siku barazani na magazetini, lakini ni wachache wanaojua lilikotoka. Ni neno la Wayunani wa kale: "demos" maana yake watu, na "kratos" maana yake nguvu. Basi demokrasia ni nguvu ya kutawala iliyo mikononi mwa watu wenyewe.

Utawala wa namna hii ulianza katika mji wa Athene, yapata mwaka 508 kabla ya Kristo. Raia walikutana juu ya kilima kiitwacho Pnyx. Aliyetaka kusema alisema, kisha wakaamua kwa kuinua mikono. Wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na sauti hapo, na huo ulikuwa upungufu mkubwa.

Je, watu wengi wakiamua jambo, hawawezi kukosa? Waweza sana. Mwaka 427 kabla ya Kristo, mji wa Mytilene, uliokuwa umeasi, ulishindwa na askari wa Athene. Raia wakakutana wakiwa na hasira. Mtu mmoja, Cleon, akataka wanaume wote wa Mytilene wauawe, na wanawake na watoto wafanywe watumwa. Wakakubali, na merikebu ikatumwa kupeleka amri.

Siku ya pili mioyo ikawachoma, wakakutana tena. Cleon akalishikilia shauri lake la jana. Akainuka mwingine, Diodotus, akawasihi watazame litakalowafaa siku za mbele. Mikono ilikaribia kulingana, lakini Diodotus akashinda.

Merikebu ya pili ikaondoka mbio, ya kwanza ikiwa imetangulia kwa mchana na usiku. Wapiga makasia walikula unga wa shayiri uliokandwa kwa divai na mafuta huku wakivuta, wakalala kwa zamu. Walipofika, jemadari alikuwa amekwisha kuisoma amri ya kwanza, naye yu tayari kuitimiza. Mji ukaokoka, ingawa viongozi wa maasi waliuawa.

Hasira, hasara. Demokrasia haikuwazuia watu wa Athene kukosa; iliwapa njia ya kurudi. Njia hiyo ni kukutana tena, kumsikiliza anayepinga bila kumnyamazisha, na kuhesabu mikono kwa haki.

Nchini Kenya, Waafrika walipiga kura mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria mwezi wa Machi 1957. Viti vyao vilikuwa 8 tu, na mpiga kura alitakiwa awe na elimu, mali au sifa nyingine zilizowekwa. Katika uchaguzi wa mwaka 1963 ndipo kila raia mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, alipohesabiwa kwa kura moja. Haki hiyo ni pana kuliko ile ya kilima cha Pnyx.

Basi, ndugu msikilizaji, ukishindwa katika uchaguzi, usishike rungu. Sema, washawishi wenzako, ungoje, kwa maana kura nyingine yaja. Na ukishinda, mwache aliyeshindwa aseme. Huenda kesho yeye ndiye atakayewaokoa nyote.