Tukiomba Amani, Tunaomba Nini?

Jumapili katika makanisa ya Dodoma, mjini na vijijini, hufika zamu ya maombi ya waumini. Msomaji anakunjua karatasi yake, anaombea mvua, anaombea wagonjwa, anaombea viongozi, kisha anaiombea nchi amani. Kwenye mvua tunataja uwele na alizeti vinavyonyauka shambani. Wagonjwa tunawataja kwa majina. Ikifika amani, mara nyingi tunasema tu kwamba Mungu aidumishe, tunaitikia, ombi limepita. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapokosea. Anayeomba mvua anakiri kwamba kuna ukame. Anayeomba amani naye hana budi kukiri ni wapi imekosekana, nani anaumia na kwa sababu gani. Asipokiri hayo, anaombea utulivu wake mwenyewe.

Uwanda huu wa Dodoma, nchi ya Wagogo, una ushahidi wa jambo hilo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo, yakachukua na vijana wao kuwa wapagazi. Mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa tupu tayari. Ikaja njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Mwanahistoria Gregory Maddox amekadiria kwamba katika watu wapatao 150,000 wa Ugogo, 30,000 walikufa, yaani mmoja katika kila watano. Na waliokuwa wakipigana walikuwa mataifa yanayojiita ya Kikristo, kila upande na makasisi wake, wote wakimwomba Mungu yule yule. Amani waliyoiomba ilikuwa ile ambayo ingekuja baada ya adui kushindwa. Mama wa Kigogo aliyenyang'anywa akiba yake ya mwisho ya uwele hakuwa na nafasi katika maombi hayo, wala katika hesabu za makamanda.

Tusidhani hayo ni ya wazee tu. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, amani ilihubiriwa na kuombewa kila mahali. Siku ya kura yakatokea maandamano, watu wakapigwa risasi, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Idadi ya waliokufa imebishaniwa sana, lakini kwamba watu walikufa halibishaniwi. Rais mwenyewe alitoa pole kwa wafiwa alipolihutubia Bunge hapa Dodoma mwezi Novemba, akatangaza kwamba tume itachunguza, na Baraza la Maaskofu Katoliki nalo lililaani mauaji hayo. Je, Mungu hakusikia? Mimi najiuliza swali jingine: tulimwomba nini hasa? Malalamiko ya watu kutekwa na kupotea yalikuwepo muda mrefu kabla ya siku ile. Ni makanisa mangapi yaliwataja waliopotea katika maombi yao? Wengi tuliomba vurugu zisitokee, tukayaacha yale yanayozizaa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni siasa, na kwamba Mtume Paulo alimwagiza Timotheo wafalme waombewe ili watu waishi kwa utulivu. Ni kweli aliagiza hivyo. Lakini alianza kwa kusema waombewe watu wote, na wafalme wakawekwa ndani ya hao wote. Tena Paulo mwenyewe alifungwa na watawala, kwa hiyo hakuyasema hayo kwa kuwabembeleza. Naye Yeremia, aliyewaandikia mateka wauombee mji wa Babeli, ndiye yule yule aliyewakemea makuhani na manabii kwa kutangaza amani wakati haipo. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa aliyefiwa: maombi yenu hayanirudishii mwanangu, nipeni haki. Huyu hastahili kujibiwa kwa mahubiri. Ninaloweza kusema ni kwamba maombi ya kweli humsukuma mwombaji aende mahali asipopapenda. Jirani zetu wa Msumbiji walikuwa vitani tangu 1977. Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira alimfuata porini Afonso Dhlakama, kiongozi wa waasi wa Renamo, ili azungumze naye, na baadaye akawa mmoja wa wapatanishi pamoja na jumuiya ya Sant'Egidio ya Roma, watu wanaokutana kila jioni kusali. Mkataba ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Ukame na kuchoka kwa pande zote mbili vilichangia, sikatai. Lakini meza ya mazungumzo iliandaliwa na watu waliokubali kumsikiliza hata muuaji, na ujasiri huo sioni wangeupata wapi kama si katika sala.

Kwetu sisi njia hiyo si ndefu. Kuna wakulima wa Kongwa wanaovuka kwenda kulima wilaya jirani ya Kiteto, ambako Januari 2014 wakulima na wafugaji waliuana kwa kugombea ardhi ya hifadhi ya Embroi Murtangos. Wakristo wapo pande zote mbili. Yesu alisema mwenye ugomvi na ndugu yake aiache sadaka mbele ya madhabahu, aende kwanza wakapatane. Basi Jumapili hii anayeandika maombi ya waumini aulize kwanza: ni mpaka upi una ugomvi, ni mifugo ya nani imekatwa mapanga, ni shamba la nani limelishwa? Aandike kijiji kwa jina, amtaje mkulima na mfugaji katika ombi moja. Na ibada ikiisha, wazee wa kanisa wasitawanyike kabla hawajakubaliana nani atakwenda huko, na siku gani.